GEMU LA MATOFALI: ANAYESEMA "HARAMU TUPU" NA ANAYESEMA "NI AKILI TU" WOTE WAWILI WAMEKOSEA

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, na hasa nyinyi vijana wa huku kwetu, kuanzia Biharamulo mjini, Lusahunga, Nyakahura na Nyakanazi, mpaka Benaco, Rusumo, Kabanga na Ngara mjini. Wiki hii watu wasiopungua kumi wamenitumia sauti moja inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Anasikika ustadhi mmoja, simtaji na wala simfahamu, akisema kuwa kila anayecheza lile gemu la matofali yanayoshuka kwenye simu ni sawasawa na mtu aliyetia mkono wake kwenye nyama ya nguruwe, na kwamba aliyelitunga ni kafiri kwa hiyo hakuna cha kujadili. Chini ya sauti hiyo vijana wamejibu. Wapo waliocheka. Yupo aliyesema "ndiyo maana wengine hatuji msikitini". Na mmoja wa kijiwe cha bodaboda ameandika neno ambalo ndilo lililonikalisha chini kuandika haya: "Sheikh, hili ni gemu la akili, siyo la bahati. Kwa hiyo hela ninayomla mwenzangu ni jasho langu."

Hapo tuna makosa mawili yamekaa jirani, na kila moja linalilisha jingine. Ustadhi amekaza pasipokazwa, kijana akaona dini haina hoja, akajipa fatwa mwenyewe. Nitaanza na kosa la ustadhi, lakini nakuambia mapema ewe kijana usije ukafurahi ukafunga simu kabla ya kufika chini: kosa lako ni kubwa kuliko lake.

Wanavyuoni wa usuli wametufundisha kuwa huwezi kukihukumu kitu kabla hujakifahamu. Sasa wazee wangu mnaowaona wajukuu wameinamia simu bila kujua wanafanya nini, ni hivi. Kwenye kioo vinashuka vipande, kimoja baada ya kingine, na kila kipande kimeundwa kwa vijiboksi vinne. Maumbo ni saba tu: kuna kirefu kama ufito, kuna cha mraba, kuna viwili vilivyopinda kama ngazi, na vinginevyo. Unakigeuza, unakisogeza, unakipachika mahali pake. Mstari ukijaa kutoka ukuta hadi ukuta bila tundu, unafutika. Ukiacha matundu, matofali yanapanda, na yakigusa juu umekwisha. Ni kama fundi mwashi anayeletewa tofali asizozichagua, na saidia fundi hasubiri.

Aliyelitunga anaitwa Alexey Pajitnov, mwaka 1984, huko Moscow, alipokuwa akifanya kazi kwenye kituo cha kompyuta cha Akademia ya Sayansi ya Urusi ya Kisovieti. Kompyuta yake, Elektronika 60, haikuweza hata kuchora picha, vipande akavitengeneza kwa alama za mabano. Jina Tetris alilipata kwa kuunganisha neno la Kigiriki la nne na tenisi, mchezo alioupenda. Mwaka 1989 likaingizwa kwenye kifaa cha mkononi cha Nintendo kinachoitwa Game Boy, na kutoka hapo likaenea duniani. Wengi wetu tulilijua kupitia kile kidude cha betri kutoka China, Brick Game, ambacho watoto walikuwa wanagombania mpaka vibonye vinatoboka.

Kuhusu hoja ya "aliyelitunga ni kafiri" sitapoteza muda. Hiyo simu aliyorekodia sauti yake nani aliitunga? Kipaza sauti anachoadhinia? Pikipiki iliyompeleka darsani? Mtume (s.a.w.) alichimba handaki kuulinda mji wa Madina kwa ushauri wa Salman Al-Farisi, na ilikuwa mbinu ya Wafursi, watu waliokuwa wakiabudu moto. Hakuna swahaba aliyesema handaki ni haramu kwa sababu ya waliolianzisha. Tuendelee.

Hoja ya nguruwe ndiyo yenye uzito, kwa sababu ina asili katika hadithi. Imepokewa na Imam Muslim kutoka kwa Burayda kwamba Mtume (s.a.w.) alimfananisha mchezaji wa nardi na mtu aliyeutia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe. Hadithi ni sahihi, kichwani na machoni tunaiweka. Lakini nardi ni nini? Nardi ni mchezo wa dadu. Unarusha dadu, na lile lililoangukia ndilo linalokuamrisha utembee hatua ngapi. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata katika Afrika Mashariki, walipokuja kuipima michezo mingine walitazama jambo moja: mchezo huu unaegemea nini? Unaoegemea dadu na kubahatisha ukapelekwa upande wa nardi. Unaoegemea hesabu na fikra ukatolewa humo.

Na hapa kuna jambo litakalokufurahisha wewe uliyekulia huku mpakani. Ibn Hajar Al-Haytami, aliyefariki Makka mwaka 974 Hijria, katika kitabu chake Tuhfat al-Muhtaj, ameutaja mchezo uitwao manqala: vishimo ambamo vijiwe vinahamishwa kutoka kimoja kwenda kingine kwa hesabu. Akauweka upande wa michezo isiyoharamishwa, kwa sababu msingi wake ni hesabu. Unaujua huo? Ni bao! Ni huohuo ambao jirani zetu wa Rwanda wanauita igisoro. Mwanachuoni wa Makka, zaidi ya miaka mia nne iliyopita, alikaa akauchunguza mchezo wa vishimo na kokoto ndipo akasema neno lake. Ustadhi wetu wa leo ameshindwa kulitazama gemu la simu kwa dakika tano kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi.

Sasa tuulize swali kama walivyouliza wao. Gemu la matofali liko upande wa dadu au upande wa bao? Mtu anaweza kusema: vipande haviji kwa hiari yako, mashine ndiyo inayoamua, kwa hiyo ni dadu. Ni hoja, siidharau. Lakini tazama linavyofanya kazi. Katika kanuni inayotumika kwenye magemu rasmi ya sasa, mashine inachukua yale maumbo saba, inayachanganya kama mtu anayetikisa mfuko, kisha inayatoa yote saba kabla ya kuchanganya tena. Maana yake kile kirefu kama ufito hakiwezi kukupotea milele: kati ya kimoja na kinachofuata hakupiti zaidi ya vipande 12. Juu ya hivyo unaonyeshwa pembeni vipande vijavyo, na unaruhusiwa kukiweka kimoja akiba. Na wakishindana wawili, mara nyingi wote wanapewa mpangilio uleule wa vipande, ili asiwepo wa kusema "wewe umebahatika". Anayeshinda ni yule aliyepanga vizuri na kwa haraka. Yale ya zamani, kama ya 1989, hayakuwa na kanuni ya mfuko, unaweza kukaa unakisubiri kirefu mpaka ukuta unakufikia kooni. Hata hivyo mzoefu alimshinda mgeni karibu kila siku, na hilo halitokei kwenye kurusha dadu.

Kwa hiyo ninavyoona mimi, gemu lenyewe, bila pesa, bila matusi, bila kuacha swala, halimo katika nardi. Liko karibu na bao na drafti. Na Imam Shafi'i mwenyewe kuhusu sataranji, mchezo wa fikra uliokuwa maarufu zama zake, alifika kwenye karaha, hakufika kwenye haramu, ukiwa umesalimika na kamari na kuipoteza swala. Wapo maimamu wakubwa waliokaza zaidi yake katika sataranji, tunawaheshimu. Ila kumwambia kijana kuwa kupanga matofali kwenye simu akiwa anasubiri abiria ni sawa na nguruwe, hilo ni neno zito mbele ya Allah. Soma Suratun Nahl aya ya 116 uone wanavyokemewa wanaotamka halali na haramu kwa ndimi zao tu.

Na ajabu yenyewe hii hapa. Ludo! Ludo ina dadu, dadu kabisa, unairusha na inakuamrisha. Iko kwenye vijiwe vyote kuanzia Nyakanazi mpaka Kabanga, iko majumbani, iko kwenye simu za akina mama. Sijaisikia sauti ya ustadhi juu ya ludo. Amekiacha kinachofanana na nardi kama pacha, akakimbilia matofali.

Haya, sasa kijana umetabasamu. Umesema "sheikh ametupa ruhusa". Subiri.

Gemu hili halina namna moja ya kuchezwa, na mimi nakuambia hukumu iko kwenye namna unayoichagua. Ipo namna ya mbio: unatakiwa ufute mistari 40, ukimaliza gemu limekwisha, unaangalia muda wako. Mzoefu anamaliza chini ya dakika moja, anayejifunza dakika tatu, nne. Ipo namna ya saa: unapewa dakika mbili au tatu, unakusanya alama uwezavyo, linafunga lenyewe. Hizi mbili zina mlango wa kutokea. Unasubiri abiria, unacheza, linaisha, unaweka simu mfukoni.

Kisha ipo namna isiyo na mwisho. Kadiri unavyofuta ndivyo vipande vinavyoongeza kasi, na kamwe hakuna mahali pameandikwa "umeshinda, nenda nyumbani". Mwisho wake ni mmoja, kushindwa. Wanahisabati wamelithibitisha hili kwenye karatasi: vile vipande viwili vilivyopinda kama ngazi vikija kwa kupokezana muda mrefu vya kutosha, hakuna mchezaji yeyote duniani atakayesalimika. Watu walilicheza lile la Nintendo la 1989 zaidi ya miaka thelathini bila mtu kulifikisha mwisho, mpaka tarehe 21 Desemba 2023, mtoto wa miaka 13 wa Oklahoma, Marekani, Willis Gibson, alipofika hatua ya 157 na mashine yenyewe ikaganda. Mashine ndiyo iliyochoka. Wewe unayeanza "raundi moja tu" baada ya magharibi unashindana na kitu ambacho kimeundwa kisiishe.

Na muda wenyewe ni huo wa baina ya magharibi na isha. Ni kama saa moja na dakika kidogo. Kwa wengine ndio muda wa darsa, kwa wengine ndio muda wa kukaa na watoto. Nimeona kwa macho yangu, iqama inakimiwa na kijana yuko barazani kwa msikiti kidole kiko kwenye kioo, anasema "nipo kwenye rekodi". (Na kwa faida tu: wengi mna programu za adhana zilizowekwa kwa saa za Dar es Salaam. Jua la Dar linazama mapema kuliko la Ngara kwa karibu nusu saa au zaidi. Badilisheni mji kwenye simu zenu, kuna watu wanafuturu na jua bado liko juu ya vilima.)

Jingine linalohusu swala, na hili halihitaji hata uwe na simu mkononi. Mwaka 2000 mtafiti wa Harvard, Robert Stickgold, na wenzake waliwachezesha watu gemu hili kwa siku tatu kisha wakawauliza wanaona nini wanapoanza kusinzia. Zaidi ya nusu walisema wanaona matofali yanashuka. Miongoni mwao walikuwamo watu wenye maradhi ya kupoteza kumbukumbu, ambao hawakukumbuka hata kuwa waliwahi kulicheza, lakini matofali waliyaona. Basi wewe uliyecheza saa tatu mfululizo, ukafunga swala ya isha, imamu yuko kwenye rakaa ya pili, wewe unapachika kirefu kwenye tundu la kulia. Unajua kuwa nasema kweli. Sisemi swala yako imebatilika. Nasema utakapoiuliza nafsi yako umeswali nini, utakosa jibu.

Ipo pia namna ya kupigana, na hii ndiyo inayopendwa vijiweni. Mistari unayoifuta wewe inaibuka kama takataka chini ya ukuta wa mwenzako na kumsukuma juu. Nintendo mwaka 2019 walilitoa la watu 99 kwa mpigo, wanaangushana mpaka abaki mmoja. Sega mwaka 2014 walilichanganya Tetris na gemu lao la Puyo Puyo, wakaweka namna za kila aina: mara mnabadilishana uwanja katikati ya gemu, mara vitu vyote viwili vinashuka kwenye uwanja mmoja, mara kuna namna ya vituko inayokupa vikwazo vya kumtupia mwenzako. Kushindana si haramu. Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mama yetu Aisha, mara moja akashindwa na mara moja akashinda. Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Madina naye akamwachia Aisha atazame. Ila nenda Suratul Maida, aya ya 90 na ya 91. Allah ameitaja kamari pamoja na pombe, kisha akataja shetani anataka nini kwa hivyo viwili: kutia uadui na chuki baina yenu, na kuwazuia na kumkumbuka Allah na swala. Kwa hiyo gemu likifika mahali mnatukanana wazazi kwa sababu ya vijiboksi vya rangi, usiniulize tena kama ni bao au ni nardi.

Sasa tufike kwenye jero.

Nilivyoelezwa na vijana wenyewe, inakuwa hivi. Kijiwe kina watu watano. Kila mmoja anatoa jero, inakuwa buku mbili na mia tano. Simu moja inapokezwa, namna ya mbio, mistari 40. Mwenye muda mdogo anachukua zote, anamtolea mwenye simu kitu kidogo "cha chaji". Kisha wanaanza upya. Na kule Benaco, ambako madereva wa malori na matingo wao wanalala wakisubiri karatasi za kuvuka Rusumo, dau si jero tena.

Kijana anasema: ni akili, si bahati. Nami nimeshakukubalia hilo hapo juu. Sasa nionyeshe ni mwanachuoni gani alisema kamari ni mchezo wa bahati peke yake? Sataranji haina bahati hata chembe, na wanavyuoni wote, pamoja na Shafi'i aliyelegeza, wamekubaliana kuwa ikiwekewa pesa baina ya wachezaji ni haramu. Kamari ni kila mchezaji kuingia akiwa kati ya mawili, apate mali ya mwenzake au aipoteze yake. Basi. Ukiwa hodari, hodari wako haukufanyi uwe mfanyabiashara. Umemuuzia nini? Umemfanyia kazi gani? Jasho unalosema ni lako limelimwa kwenye shamba gani? Ile jero ya mwenzako imetoka kwake na haikurudisha kwake hata kipande cha muwa.

Tena hiyo hoja yako ya akili inakuumiza. Kama kweli ni akili, na wewe unajijua kuwa ni hodari kuliko wao, basi unajua kabla ya kuanza kuwa utawala. Mgeni aliyeshuka kwenye basi la Kahama hajui kuwa wewe mistari 40 unaimaliza kwa sekunde hamsini. Umemkalisha, umemwachia raundi ya kwanza ashinde, umepandisha dau. Katika bahati angalau mnadanganywa wote wawili. Hapa wewe ndiye uliyemdanganya.

Na tuhesabu. Tuseme wewe si hodari, ni wa kawaida, unaliwa zaidi ya unavyokula. Raundi kumi kwa siku, unashinda mbili. Umetoa elfu tano, kwa watu watano kila ushindi ni buku mbili na mia tano, umerudisha elfu tano ileile ukiondoa ya chaji. Siku mbaya umeshinda moja, umepoteza nusu. Siku mbaya zaidi hukushinda kabisa, na jioni bosi anataka hesabu ya pikipiki. Yupo kijana aliyeniandikia kutoka upande wa Biharamulo, hesabu ilipungua siku tatu mfululizo, bosi akaichukua pikipiki. Ana mke na mtoto mchanga. Anasema "sheikh sijawahi kubeti hata siku moja, mimi nacheza matofali tu". Wallahi neno hili liliniumiza kuliko lile la ustadhi. Anajiona amesalimika kwa sababu hakuingia kwenye kibanda cha mikeka wala hakutia sarafu kwenye mashine za dubwi, kumbe kibanda kimemfuata mfukoni.

Kuna sura nyingine mnazoziona ndogo. Ya kwanza: "anayefungwa analipa". Mmekwenda kwenye kibanda cha gemu, mchezo ni jero, mkaafikiana atakayefungwa alipe yote. Kumlipa mwenye kibanda ni halali, ni ujira wa chombo chake. Lakini kila mmoja alitakiwa alipe mia mbili na hamsini. Mmeingia hamjui nani ataokoa mia mbili na hamsini yake na nani atalipa ya mwenzake. Hiyo ni kamari, udogo wake hauibadilishi jina. Lipeni nusu kwa nusu, au mmoja ajitolee kabla ya kuanza, ashinde ashindwe. Ya pili: "anayefungwa ananunua soda". Ni ileile, imebadilisha chupa. Na katika hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim, mtu aliyemwambia tu mwenzake njoo tucheze kamari ameamrishwa atoe sadaka. Ametamka tu, hajacheza!

Ya tatu inaulizwa sana: mwenye duka la simu anaandaa mashindano, wachezaji hawatoi kitu, mshindi anapewa zawadi. Hapa si kamari baina ya wachezaji. Lakini kuna hadithi, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi na wengineo, iliyofunga malipo ya mashindano kwenye mishale, ngamia na farasi, na madhehebu yetu yameshika hapo: yanayofaa kwa kujilinda na yanayofanana nayo. Gemu la simu haliko humo. Wapo wanavyuoni wa zama hizi wanaolegeza zawadi ya mtu wa tatu. Mimi siwafuati katika hili, lakini ukimfuata mwanachuoni mwenye elimu sitakutukana. Ila kama mwenye duka anatoza kiingilio, kisha zawadi inatoka kwenye viingilio hivyo, hapo hakuna khitilafu yoyote, ni kamari iliyovaa fulana ya mashindano.

Ya nne ni matangazo. Haya magemu ya bure, kila baada ya raundi linapita tangazo, na mara nyingi ni la kubeti. Sheria ya nchi inamkataza aliye chini ya miaka 18 kushiriki michezo ya kubahatisha, na kuna Bodi nzima ya Michezo ya Kubahatisha tangu sheria ya 2003. Lakini simu ya baba akipewa mtoto wa miaka tisa ili anyamaze, tangazo halimuulizi umri. Wazazi, zimeni intaneti kabla ya kumpa. Mengi katika magemu haya yanacheza bila bando, na bila bando matangazo mengi hayapiti. Ni jambo la sekunde mbili.

Nirudi kwa maustadhi wenzangu, kwa heshima zote. Mnapopiga marufuku kila kitu kwa sauti moja, kijana hawezi tena kutofautisha kati ya kupanga matofali dakika tatu na kuweka jero ya maziwa ya mtoto. Kwake vyote vimekuwa "yale mambo ya masheikh". Hanzala, swahaba, alipolalamika kuwa akitoka kwa Mtume (s.a.w.) anajisahau na mke na watoto, Mtume alimwambia kuwa kuna saa ya hili na saa ya lile. Hakumwambia amekuwa mnafiki. Ukali wenu wote uwekeni kwenye jero, hapo nami nitakuwa nyuma yenu.

Mwisho, wamenitumia ujumbe watatu wakiuliza: nimeshakula hela za watu, nifanyeje? Kama unawajua na unawapata, warudishie. Usione haya, mwambie "nilikula jero zako tano, shika". Ukishindwa kumwambia mtumie kwenye simu bila maelezo, itamfikia. Kama alikuwa dereva aliyepita Benaco, ameshavuka mto na humjui, toa kiasi hicho kwa maskini kwa niaba yake, si kwa kutafuta thawabu zako. Kama huna sasa, andika kiasi, lipa kidogokidogo kadiri unavyopata. Na yule wa pikipiki, nitakupigia baada ya isha, nimeshaongea na mzee mmoja ambaye huenda akakuombea kwa bosi wako. Uje na daftari la hesabu, na programu ile uwe umeshaifuta kwenye simu kabla hatujakwenda.

Wallahu aalam.